Ushahidi wa Chavua: Mgunga, Kikwata na Mwati Chini ya Hadubini

Hotuba kwa walimu wa biolojia wa shule za sekondari, Dodoma

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi mliobanana huko nyuma, na ninyi wazee wetu wafugaji wa nyuki mlioitikia mwaliko: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, hamjambo wote.

Nimeombwa nizungumze juu ya uainishaji wa mimea itoayo maua. Somo hilo ni pana mno kwa saa moja, kwa hiyo nimechukua miti mliyoipita mkija hapa. Ukitoka Dodoma mjini kwenda Kondoa, Manyoni au Mpwapwa, miiba inakusindikiza kulia na kushoto: migunga iliyotandaza matawi juu, vikwata vilivyojifunga vichaka chini. Kwa zaidi ya miaka 200 wanabotania waliiweka miti hiyo yote katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu, Acacia, iliyoandikwa na Philip Miller huko Uingereza mwaka 1754. Siku hizi mgunga uko katika jenasi Vachellia na kikwata kiko katika Senegalia, na wanafunzi wetu wanauliza kwa nini majina yamebadilika. Wengi tunawajibu kwamba ni mambo ya DNA. Jibu hilo si la uongo, ila linamruka shahidi aliyetangulia kusema. Kabla ya mtu yeyote kusoma jeni za mgunga, chavua ilikuwa imeshaonyesha kwamba mgunga na kikwata ni koo mbili tofauti. Leo nataka shahidi huyo apewe haki yake.

Tuanze na chavua yenyewe. Ule unga wa manjano unaobaki kidoleni ukigusa ua, kila chembe yake ni punje inayobeba mbegu ya kiume ya mmea. Punje nyingi zina upana wa kati ya maikromita 10 na 100, na maikromita 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Kwa udogo huo mtu angetegemea zote zifanane. Hazifanani hata kidogo. Ukuta wa nje wa punje, uitwao eksini, umejengwa kwa sporopolenini, dutu ngumu ambayo asidi nyingi haziiwezi, na ambayo ikizama katika matope ya ziwa yasiyo na hewa hudumu mamilioni ya miaka. Ukiukata ukuta huo na kuutazama kwa hadubini ya elektroni, katika mimea mingi utaukuta umejengwa kama nyumba: sakafu chini, paa juu, na katikati safu za nguzo zilizolibeba paa. Kuna mimea ambayo nguzo zake ni ndefu, kuna yenye nguzo fupi, na kuna isiyo na nguzo kabisa. Huko juu ya paa utakuta vichomo, au mabonde, au nyavu, au ulaini mtupu. Kisha kuna milango, yaani sehemu ambazo ukuta ni mwembamba, ambapo mrija wa chavua hutokea punje ikishatua kwenye stigma, sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua. Mlango waweza kuwa mfereji mrefu, au tundu la duara, au mfereji wenye tundu katikati yake. Idadi ya milango, umbo lake, na ujenzi wa ukuta: mwainishaji anavitafuta hivyo kwanza.

Thamani ya vitu hivyo inaonekana hata kwenye matawi makubwa kabisa ya mimea. Chukueni yungiyungi la mabwawani kwetu na lotasi ya Asia. Yote mawili huota majini, yote yana majani mapana ya duara na maua makubwa yenye petali nyingi, na kwa muda mrefu vitabu viliyaweka jirani. Chavua ilikataa ujirani huo. Punje ya lotasi ina mifereji mitatu, idadi ile ile ya mwembe. Punje ya yungiyungi haina mifereji hiyo mitatu. Jeni ziliposomwa katika miaka ya 1990, lotasi ikakutwa karibu na miti ya Platanus inayopandwa kando ya barabara za Ulaya, na karibu na protea za Afrika Kusini, mbali kabisa na yungiyungi. Na lile kundi zima lililoanza na chavua ya milango mitatu, lenye karibu robo tatu ya spishi zote za mimea itoayo maua, likakubaliwa kuwa ukoo mmoja halisi. Fikirini jambo hilo, walimu. Robo tatu ya maua yote ya dunia, na alama inayoyaunganisha imeandikwa kwenye kitu ambacho jicho haliwezi kukiona.

Turudi kwenye miiba yetu.

Mwaka 1842 Mwingereza George Bentham aliiwekea Acacia mpaka rahisi: mti wa jamii ya mimosa wenye stameni nyingi (nyuzi za ua zinazobeba chavua) zisizoungana ni Acacia. Zikiungana chini zikawa mrija, kama za mkenge, mti huo ni wa kundi jingine. Mpaka huo ulidumu kwa sababu unatumika kirahisi porini, hata kwa mtu asiye na zaidi ya kioo cha kukuzia mfukoni. Lakini ulikusanya pamoja miti ya Afrika, Asia, Amerika na Australia, hadi ikafika spishi zaidi ya 1,300. Bentham mwenyewe aliona kwamba ndani ya kundi hilo miiba haifanani, akaigawa jenasi katika mafungu. Jenasi yenyewe akaiacha nzima.

Na kweli miiba haifanani. Mwiba wa mgunga ni stipuli, kile kipande kidogo kama jani kinachoota kwenye kitako cha jani, kilichokakamaa kikawa mwiba. Kwa kuwa kila jani lina stipuli mbili, miiba hiyo hukaa miwili miwili, na mara nyingi ni mirefu, myeupe, iliyonyooka. Miiba ya kikwata inatoka kwenye ngozi ya tawi, nayo ni mifupi na imepinda. Senegalia mellifera huwa nayo miwili miwili. Senegalia senegal, mti wa gundi, huwa nayo mitatu mitatu, miwili ikipinda kuelekea juu na ule wa kati ukipinda chini. Yeyote aliyewahi kunaswa shati porini anaijua tofauti hiyo mwilini mwake.

Lakini ukitegemea kunyooka na kupinda peke yake, Vachellia tortilis itakupoteza. Huo ndio mgunga wenye kichwa bapa, na tawi lake moja lina miiba mirefu iliyonyooka na miiba mifupi iliyopinda, imechanganyika. Mwanafunzi akileta kijitawi chenye ile mifupi tu, ataapa kwamba ni kikwata. Wengine husema basi tazama maua: ya mgunga ni vidonge vya duara, ya kikwata ni mashuke. Hapo nako kuna Vachellia bussei, inayopatikana Somalia, Ethiopia, Kenya na kwetu Tanzania. Ina miiba ya stipuli na bado maua yake ni mashuke. Na mashuke ya Senegalia mellifera ni mafupi kiasi kwamba kwa mbali unaweza kuyaita ya duara. Kila alama ya nje ina mti wake unaoivunja. Katika hali hiyo mwainishaji anahitaji alama nyingine, isiyotokana na mwiba wala shuke, aone kama itaangukia upande uleule.

Chavua ndiyo alama hiyo.

Katika mimea mingi punje za chavua husafiri moja moja. Katika miti hii husafiri zimeshikamana, kundi dogo lisiloachana, liitwalo poliadi. Mara nyingi poliadi ina punje 16: nane katikati, katika tabaka mbili za nne nne, na nane zimezizunguka pembeni. Ukiitazama kutoka juu kwa hadubini ya kawaida utahesabu 12 tu. Shusha lenzi polepole, na zile nne za chini zitajitokeza zenyewe. Napenda sana zoezi hili kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, maana linawafundisha kwamba kinachoonekana mara ya kwanza kwenye hadubini ni tabaka moja tu la kitu chenye kina.

Kwa nini mti ufungashe chavua yake hivyo? Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1982 ulitoa jibu ambalo kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika botania. Ncha ya stigma ya maua haya ina kishimo chenye nafasi ya poliadi moja. Na idadi ya punje katika poliadi inalingana na idadi ya ovyuli (vijiyai vinavyogeuka mbegu) ndani ya ovari, au inaizidi. Maana yake, nyuki akitua mara moja tu na kuacha poliadi moja, ganda zima linaweza kujaa mbegu, na mbegu zote za ganda hilo zikawa na baba mmoja. Wazee wafugaji, nyuki wenu wanafanya kazi hiyo kila msimu kikwata kinapochanua.

Sasa angalizo kwa walimu. Hiyo hesabu ya 16 haitofautishi mgunga na kikwata. Poliadi za punje 16 zipo kote kote, hata Australia. Idadi inasaidia pembeni: baadhi ya migunga ina poliadi za punje 32, na kundi moja dogo la Amerika ya kitropiki, Acaciella, lina punje nane. Tofauti kubwa iko kwenye ukuta na kwenye milango, na aliyeieleza kwa upana ni Mfaransa Philippe Guinet, katika kazi kubwa juu ya chavua ya jamii yote ya mimosa iliyochapishwa na Taasisi ya Kifaransa ya Pondicherry, India, mwaka 1969.

Guinet alionyesha nini? Katika migunga, eksini ina nguzo, na mlango wa punje ni mfereji wenye tundu. Katika vikwata, nguzo hazipo. Ukuta ni laini, na mlango ni tundu tupu bila mfereji. Kundi la tatu, la Australia, nalo halina nguzo na milango yake ni matundu, lakini juu ya punje kuna mistari iliyobonyea inayofanana na mifereji na ambayo si milango. Makundi matatu, chavua za aina tatu. Na zile spishi zilizotusumbua zikaenda mahali pake: Vachellia tortilis na miiba yake iliyochanganyika, na Vachellia bussei na mashuke yake, zote zikakaa na migunga.

Kundi hilo la Australia halipo mbali nasi. Walimu waliotoka Njombe na Lushoto wanalijua: ni miwati, Acacia mearnsii, iliyoletwa kwa ajili ya magome yanayotoa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama. Kwa hiyo Tanzania ni mahali pazuri ajabu pa kufundishia somo hili. Koo zote tatu zinachanua ndani ya mipaka yetu, na maua yake mwalimu anaweza kuyapata bila kuagiza chochote kutoka nje.

Chavua haikusimama peke yake. Mfaransa mwingine, Jacques Vassal, alichunguza mbegu na miche, akachapisha mwaka 1972, na mafungu yake yakakaribiana na ya Guinet. Mwaka 1986 Leslie Pedley wa Queensland, Australia, alikusanya ushahidi wote akapendekeza waziwazi kwamba Acacia ivunjwe ziwe jenasi tatu. Wenzake wengi hawakumfuata. Kubadilisha majina ya miti zaidi ya elfu ni gharama, na kuna waliosema kwamba tofauti za chavua ni ndogo mno kubomolea jenasi ya Miller. Kisha, kuanzia karibu mwaka 2000, zikaja jeni. Zilionyesha kwamba migunga ni ukoo mmoja, vikwata viko kwingine, na miti ya Australia iko karibu zaidi na jamii ya mkenge kuliko ilivyo karibu na mgunga. Mpaka wa Bentham, ule wa stameni zisizoungana, ulikuwa umewaunganisha wasio ndugu na kuwatenga walio ndugu. Chavua ilikuwa imeshayaona makundi hayo matatu miongo mitatu kabla.

Naomba niseme kidogo juu ya jina, kwa sababu mtaulizwa. Kwa sheria za kawaida za botania, jina la jenasi hubaki na spishi iliyo kielelezo chake, na kielelezo cha Acacia kilikuwa mti wa Afrika, mgunga wa Misri na bonde la Nile, uliokuwa ukiitwa Acacia nilotica. Jenasi ikigawanywa, jina lilipaswa kubaki huku. Mwaka 2003 wanabotania wa Australia wakaomba kielelezo kibadilishwe kiwe mti wa kwao, kwa hoja kwamba spishi zao karibu 1,000 zingelazimika kupewa jina jipya, ilhali migunga haifiki 200. Kwenye kongamano la kimataifa la botania la Vienna la 2005, zaidi ya nusu ya kura zilipinga mabadiliko hayo, lakini ili kuyazuia zilihitajika asilimia 60, nazo hazikufika. Kwenye kongamano la Melbourne la 2011 uamuzi ukathibitishwa. Hoja ya idadi naielewa. Hata hivyo naona uamuzi ule haukuwa wa haki kwa Afrika, maana jina lilitokana na miti ya upande huu wa dunia, na utaratibu wa kura uliwapa ushindi wachache. Mwaka 2013 Bruce Kyalangalilwa na wenzake wakachapisha majina mapya ya miti ya Afrika chini ya Vachellia na Senegalia, na hayo ndiyo tunayopaswa kuyafundisha. Vitabu vyetu vikubwa bado vina ya zamani kwa sababu inayoeleweka: sehemu ya jamii ya mimosa katika Flora ya Afrika Mashariki, kitabu kinachoorodhesha mimea ya kanda yetu, iliandikwa na J. P. M. Brenan mwaka 1959, miaka kumi kabla ya kazi ya Guinet.

Kwa nini basi punje ndogo hivi ilisema kweli pale ambapo mwiba na shuke vilibabaisha? Mwiba uko mbele ya mdomo wa twiga na mbuzi. Mti unaoliwa sana hubanwa kujilinda, na miti ya koo tofauti ikibanwa kwa namna moja huishia kufanana. Ukuta wa chavua hutengenezwa ndani ya kifuko kilichofungwa, ambako mbuzi hafiki. Lakini msiende nyumbani mkidhani kwamba chavua haiguswi na mazingira. Punje ikikauka hujikunja kwa kufuata mifereji yake, na mmea wa nchi kavu una sababu ya kuijali mifereji hiyo. Chavua nayo ina mibano yake. Bahati yetu ni kwamba mibano hiyo si ileile ya mwiba. Mashahidi wawili wasioishi nyumba moja wakitoa maelezo yanayolingana, ushahidi unakuwa na uzito.

Na kuna mahali chavua hainyanyui kitu. Nyasi ni spishi zaidi ya 10,000, na karibu zote zina punje ya duara yenye tundu moja. Ukiletewa punje moja ya nyasi, kujua ni mtama au ni nyasi ya mbugani ni kazi ngumu mno. Kinyume chake ni familia ya Acanthaceae, ambayo Afrika Mashariki tumejaliwa spishi zake nyingi. Huko chavua ina maumbo mengi sana, na Mjerumani Gustav Lindau alishaipanga familia hiyo kwa chavua tangu mwaka 1895. Tazameni punje ya Thunbergia: mfereji wake unazunguka punje kwa mzunguko wa parafujo. Hata kwa migunga yetu, chavua inatuambia ukoo. Kati ya spishi na spishi ndani ya ukoo mara nyingi inanyamaza, na hapo tunarudi kwenye ganda, jani na gome.

Wazee wafugaji, jambo hili linawahusu moja kwa moja. Chavua huingia ndani ya asali pamoja na nekta. Asali ikizimuliwa kwa maji, ikazungushwa kwenye mashine ya kutenganisha, mashapo yake yakitazamwa, poliadi za kikwata zitaonekana wazi kabisa kati ya punje za miti mingine. Mnunuzi akitilia shaka asali yenu ilikotoka, kuna namna ya kumjibu. Namna hiyo ina sharti moja: awepo mtu mwenye mkusanyo wa chavua ya miti ya eneo hilo wa kulinganishia. Mikusanyo hiyo kwetu bado ni michache, na hapo ndipo ninapowahitaji walimu.

Maabara kubwa husafisha chavua kwa njia ya Gunnar Erdtman wa Sweden: asetiki anhidridi vipimo tisa na asidi ya salfuriki kipimo kimoja, ikipashwa moto hadi kila kitu kiishe ibaki eksini. Hiyo msiijaribu shuleni. Asetiki anhidridi ikikutana na maji huchachamaa kwa nguvu na kutoa joto kali, na mvuke wake huunguza. Kwa kazi yetu inatosha hadubini ya kukuza mara 400, gliserini, na rangi ya safranini. Chukua ua ambalo halijafunguka, ponda stameni zake kwenye tone la gliserini lenye rangi kidogo, funika kwa kioo, tazama. Nguzo za ukuta hamtaziona. Hizo zinataka hadubini ya elektroni. Poliadi mtaziona, mtazihesabu, na wanafunzi watazichora.

Mkusanyaji wa mimea hukata tawi, hulikausha kwa magazeti, na mara nyingi maua yakipukutika huyaacha. Nawaomba msiyaache. Tieni machipukizi ya maua kumi au ishirini ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, si ya nailoni, kwa maana nailoni hutunza unyevu na ukungu hula kila kitu. Bahasha ibandikwe kwenye karatasi ileile ya tawi lake, ili siku mtu akibishana juu ya jina la mti, chavua na jani visiwe vimeachana. Andikeni kijiji, tarehe, umbo la miiba, rangi ya maua, na jina ambalo wenyeji wa hapo wanauita mti huo. Tawi lililokauka vizuri hutoa chavua inayosomeka hata baada ya miaka mia. Kikwata huchanua kabla mvua hazijashika, mara nyingi kikiwa hakina hata jani, kwa hiyo atakayengoja kijani atakuwa amechelewa.